Kabla ya Kuuza Bidhaa ya Mtu, Muulize Maswali Haya



Miongoni mwa kazi ambazo vijana wetu wa Pwani huitiwa mapema baada ya kumaliza masomo, kazi ya kuuza imo mstari wa mbele. Kuna wanaoitwa kuuza bima, kuna wa laini za simu, wa pikipiki za kulipiwa kidogo kidogo, wa taa za sola, wa viwanja, na wale wanaozunguka na gari la kampuni wakisambaza unga, sabuni na mafuta katika maduka ya Kisauni, Likoni, Ukunda na Kilifi. Ni kazi yenye heshima, na biashara ni urithi wa watu wa mwambao huu tangu zama za majahazi ya kaskazi na kusi. Lakini ina sifa moja inayoitenga na kazi nyingine: ujira wake haujulikani kwa kutajwa tu. Mwalimu akiambiwa atalipwa shilingi kadha kwa mwezi, amekwisha kujua. Muuzaji akiambiwa atalipwa "mshahara pamoja na kamisheni", bado hajajua kitu.

Karibu na mwisho wa mahojiano ya kazi, mwajiri aghalabu humgeukia kijana akamwuliza: "Na wewe, una swali lolote?" Wengi wa vijana wetu hujibu kwa unyenyekevu: "Sina, ahsante." Hudhani kwamba kunyamaza ndiyo adabu, na kwamba kuuliza ni kujitia ujuaji. Sisi twaona kinyume cha hivyo. Katika kazi ya kuuza, dakika hizo chache ndiyo nafasi ya kijana kuujua ujira wake kabla ya kuutolea jasho. Akizipoteza, atakuja kuujua baada ya miezi mitatu, naye wakati huo ameshamaliza soli za viatu na ana deni la nauli kwa jirani.

MWENYE HAJA NAYE HUULIZA

Wazazi wengi humuusia mtoto wao: "Usiulize sana, mwanangu, utaikosa kazi." Twaifahamu hofu hiyo, kwani kazi ni chache na wanaozitafuta ni wengi. Lakini natutazame kisa cha Nabii Musa, alayhi salaam, kama kilivyo katika Surat al-Qasas. Alifika Madyan akiwa mkimbizi asiye na mali wala jamaa. Alipopewa kazi na mzee wa Madyan, masharti yalitajwa waziwazi: miaka minane, na akitimiza kumi basi hiyo itakuwa hiari yake. Naye Musa, pamoja na dhiki yote aliyokuwa nayo, hakuitikia tu akanyamaza. Aliyarejea masharti kwa kinywa chake mwenyewe, akabainisha kwamba muda wowote atakaoutimiza katika hiyo miwili asije akadaiwa zaidi, na akamweka Mwenyezi Mungu kuwa shahidi wa maneno yao. Ikiwa mtu mwenye haja kubwa namna ile aliweza kubainisha mkataba wake, kijana wetu hana sababu ya kuona haya.

Mafaqihi nao wamepambanua baina ya mikataba miwili. Katika ijara, mtu hulipwa kwa muda au kwa kazi iliyo bayana. Katika ju'ala, hulipwa kwa matokeo. Asipoyaleta hana chake. Dalili ya huo wa pili huitoa katika Surat Yusuf, pale ilipotangazwa kwamba atakayekileta kikombe cha mfalme atapata shehena ya ngamia mmoja, na mwenye kutangaza akajitaja kuwa mdhamini. Zingatia, ndugu msomaji, mambo matatu yaliyowekwa wazi hapo: kazi, kipimo cha malipo, na mdhamini wake. Kazi ya kuuza ya leo mara nyingi imechanganya mikataba hii: mshahara wa msingi ni ijara, na kamisheni yafanana na ju'ala. Kwa hiyo maswali yote ya kijana yarejee kwenye mambo hayo matatu.

MASWALI JUU YA KAZI

La kwanza ni hili: "Nafasi hii imepatikanaje, na aliyekuwa hapa kabla yangu amekwenda wapi?" Akiambiwa kwamba amepandishwa cheo, au kampuni imefungua tawi jipya Malindi, hiyo ni habari njema. Akiambiwa "sisi huajiri wakati wote", basi aulize kwa upole: "Katika wauzaji walioanza mwaka jana, wangapi wangali nanyi?" Kampuni ambayo watu wake hawadumu ina jambo linalowafukuza, na ni heri kulijua ukiwa ungali mlangoni.

La pili: "Lengo la mauzo la mwezi ni kiasi gani, na mwezi uliopita wauzaji wangapi walilifikia?" Hili ndilo swali ambalo, lau tungeruhusiwa moja tu, tungelichagua. Lengo, lile wauzaji waliitalo targeti, ni nambari tu mpaka lipatikane la kulipimia. Ikiwa katika wauzaji kumi wanane hulifikia, kijana mwenye bidii ana matumaini. Ikiwa hufikiwa na mmoja, na huyo mmoja ana wateja aliowakusanya kwa miaka sita, basi mgeni anajengewa nyumba ya mchanga. Aongeze pia: "Je, lengo ni lile lile mwaka mzima?" Kwetu Pwani biashara ina misimu. Anayeuza nguo hupata wateja siku za kuelekea Idi. Anayeuza kwa mahoteli ya Diani na Watamu huwa na kazi tele Agosti na Desemba, na mvua za masika zikishika mwezi wa Mei, wageni hupungua na oda nazo hupungua. Mwajiri anayeijua biashara yake atakuwa na jibu.

La tatu: "Eneo langu ni lipi, na wateja waliomo ni wa nani?" Wauzaji wawili wa kampuni moja wakikutana katika duka moja, mauzo huandikiwa nani? Mteja wa zamani akiagiza kwa simu ofisini bila ya kupitia kwangu, naye yumo katika eneo langu, kamisheni ni ya nani? Ugomvi mwingi baina ya wauzaji huanzia hapa.

La nne: "Wateja hulalamikia nini zaidi, na bidhaa ikiwa na kasoro nimpeleke mteja kwa nani?" Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwajiri mkweli atakutajia kasoro moja au mbili na namna wanavyozitengeneza. Anayeapa kwamba hakuna mteja aliyewahi kulalamika, huyo tayari amekuonyesha namna anavyotaka nawe uwaambie watu. Jambo hili si dogo. Kampuni yaweza kufunga ofisi ikahamia mji mwingine, lakini muuzaji ataendelea kuswali katika msikiti mmoja na mtu aliyemuuzia taa isiyowaka.

La tano lamhusu Muislamu hasa: "Naomba kujua orodha nzima ya bidhaa nitakazouza." Kuna msambazaji ambaye gari lake hubeba maji na soda, na ndani yake mna pombe. Kuna afisa wa mauzo wa benki ambaye hupimwa kwa mikopo ya riba aliyoitoa, hata kama tangazo lilisema kufungua akaunti tu. Kuna wakala wa simu anayetakiwa pia kuandikisha watu katika michezo ya kamari. Kujua mapema humwezesha kijana kukataa kwa adabu, au kuomba kitengo kingine, kabla hajatia sahihi.

MASWALI JUU YA MALIPO

Hapa twaomba msomaji achukue kalamu. Tuseme kijana ameitwa na kampuni mbili. Ya kwanza yampa mshahara wa msingi wa shilingi 20,000 na nauli ni juu yake kampuni. Kamisheni ni asilimia 5 ya mauzo yanayozidi shilingi 200,000. Ya pili haina mshahara wa msingi. Yampa asilimia 8 ya kila anachouza, na nauli ajitolee mwenyewe. Kijana akisikia 5 na 8, moyo wake huenda kwenye 8.

Sasa tupige hesabu. Akiuza bidhaa za shilingi 400,000 kwa mwezi, kampuni ya kwanza itampa 20,000 na kamisheni ya 10,000, jumla 30,000. Ya pili itampa 32,000. Lakini ikiwa nauli ni shilingi 250 kwa siku kwa siku 26, hiyo ni 6,500, na kinachobaki ni 25,500. Ukija mwezi mbaya, akauza 180,000 tu, ya kwanza itampa 20,000 zake kamili. Ya pili itampa 14,400, atoe nauli, abaki na 7,900. Kodi ya nyumba haiulizi kama mwezi ulikuwa mbaya.

Kisha lipo swali ambalo vijana hulisahau: "Kamisheni huhesabiwa lini?" Je, ni pale mteja anapoagiza, bidhaa inapofikishwa, au fedha zinapoingia katika akaunti ya kampuni? Katika mfano wetu, kama kampuni ya pili hulipa tu baada ya fedha kuingia, na wateja wamelipa nusu ya zile 400,000, basi kamisheni ya mwezi ule ni 16,000. Toa nauli, ibaki 9,500. Muuzaji huyo amefanya kazi nzuri, na bado hana cha kupeleka nyumbani. Aulize pia: "Mteja akirudisha bidhaa, au akashindwa kumaliza kulipa, kamisheni niliyokwisha kupokea hukatwa?" Wauzaji wa bidhaa za mkopo na wa bima wajue kwamba jambo hili hutokea, na kanuni yake yapasa kujulikana mwanzoni.

Mwisho katika mlango huu: "Kuna fedha yoyote nitakayotakiwa kutoa?" Hapa huingia sare, sampuli, simu, bando la intaneti na mafuta ya pikipiki. Akiambiwa kwamba lazima alipe kwanza ada ya kuandikishwa, au anunue shehena ya bidhaa ndipo aanze kazi, au kwamba malipo yake yatatokana na watu atakaowaingiza zaidi kuliko bidhaa atakazouza, basi ashukuru, asimame, aende zake. Hapo yeye mwenyewe ndiye mteja.

MASWALI JUU YA MDHAMINI

Aulize: "Je, mimi nitakuwa mwajiriwa wenu ama wakala?" Tofauti yake ni kubwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamlinda mwajiriwa. Kifungu cha 9 chataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Mfanyakazi asiyeifahamu lugha ya mkataba ana haki ya kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 42 chasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi 6, na hakiongezwi bila ya ridhaa ya mfanyakazi. Kifungu cha 28 champa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na cha 20 chamtaka mwajiri ampe maelezo ya maandishi ya mshahara na makato yake.

Makato nayo yaulizwe, hasa kwa muuzaji anayebeba bidhaa na kupokea fedha. Kifungu cha 19 chataja ni nini kinachoweza kukatwa, kwa mfano upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu wa mfanyakazi aliyekabidhiwa fedha hizo, na jumla ya makato isizidi thuluthi mbili za mshahara. Kuna makato ya kisheria pia: NSSF, ambako mwajiri huchangia sawa na mfanyakazi, bima ya afya ya SHA, asilimia 2.75 ya mshahara. Na ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kutoka kila upande. Mwajiri asiyeweza kueleza haya huenda hayapeleki.

Wakala, kwa upande wake, yuko nje ya sehemu kubwa ya ulinzi huu. Si haramu wala si aibu kuwa wakala. Udalali ni kazi ya kale. Lakini ajue kwamba ndivyo alivyo. Wakala wa bima, kwa mfano, yapasa awe na leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, na kabla yake afanye mtihani wa umahiri. Basi aulize: "Gharama ya mtihani na leseni ni ya nani, na nikiondoka, kamisheni za wateja niliowaleta zitaendelea kunifikia?"

Wengi hutuuliza kuhusu swala ya Ijumaa na hijabu. Katiba yetu, ibara ya 32, yasema mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani au dini yake. Kuijua haki hiyo ni vyema. Kuitaja kwa ukali katika mahojiano si lazima. Kijana aweza kusema: "Siku ya Ijumaa huwa naswali msikitini baada ya adhuhuri kuingia. Ratiba ya ziara za wateja hupangwaje siku hiyo?" Dada naye aweza kuuliza kuhusu sare ya kampuni. Muuzaji hujipangia njia yake, kwa hiyo jambo hili mara nyingi lina utatuzi mwepesi likisemwa mapema.

ADABU YA KUULIZA

Maswali tuliyoyataja ni mengi, na hatumshauri mtu ayamimine yote mara moja kama karani wa mahakama. Achague manne au matano, ayaandike katika daftari dogo, na aombe ruhusa kulifungua. Aanze na kazi, amalizie na malipo. Akiulizwa na mtu mzima amjibu kwa heshima ya mtu mzima, lakini asijikunyate. Majibu yakija, ayaandike. Jibu lisipokuja, aulize mara ya pili kwa maneno mengine. Lisipokuja tena, anyamaze na alihesabu kuwa ni jibu.

Binti mmoja wa mtaa wetu aliitwa na makampuni mawili katika wiki moja, yote ya vyombo vya jikoni. Kote aliuliza lile swali la wangapi waliofikia lengo mwezi uliopita. Wa kwanza alicheka, akamwambia hilo lategemea bidii ya mtu, na kwamba kuna waliokwisha kununua magari. Wa pili alifungua daftari: katika wauzaji saba, wanne. Kisha akamwuliza binti kwa nini ameuliza hivyo, naye akajibu: "Kwa sababu nikienda kwa mteja, nami nitamwuliza kwanza ana watu wangapi nyumbani, ndipo nijue sufuria ya kumwonyesha." Aliajiriwa hapo hapo, kwa ahadi ndogo kuliko ile ya kwanza. Hajatajirika, lakini kila mwezi ajua kitakachoingia na kitakachotoka.

Katika jibu lake mna siri ambayo waajiri wazuri waijua. Muuzaji hodari huuliza kabla ya kusema. Kijana anayeuliza vyema katika mahojiano amekwisha kuonyesha kazi yake bila ya kujisifu. Ndiyo maana twapendekeza amalizie kwa maswali mawili ya kibiashara: "Je, kuna jambo lolote katika maelezo yangu linalowatia shaka, nilifafanue?" na "Hatua inayofuata ni ipi, na nitapata jibu lini?" La kwanza humpa fursa ya kuondoa pingamizi. La pili humwepusha na kukaa wiki tatu akiitazama simu.

Akipewa kazi, aombe muda wa siku moja auchukue mkataba nyumbani. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Baqara, inazungumzia kuandikiana madeni, na ujira wa mfanyakazi ni deni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kilichoahidiwa kwa mdomo, kama asilimia ya kamisheni, tarehe ya malipo na nauli, akitafute katika maandishi. Asipokiona aombe kiandikwe. Mwajiri mwenye insafu hatachukia, kwani naye hulindwa na maandishi hayo hayo.

Enyi wazazi, msaada wenu hapa ni rahisi. Usiku wa kuamkia mahojiano, baada ya isha, baba au mama au mjomba akae upande wa pili wa meza awe mwajiri, na kijana aulize maswali yake kwa sauti. Atababaika mara ya kwanza, atacheka mara ya pili, na mara ya tatu maneno yatatoka yamenyooka. Na akirudi kesho akasema, "Nimekataa, kwa sababu hawakuweza kuniambia nitalipwa vipi," msimlaumu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki ya halali iliyo bayana, na awape waajiri wetu moyo wa uadilifu.

Wabillahi tawfiq.